Sanduku la Spea Kutoka Jinja

S.L.P. 27,
Isiolo, Kenya.
Jumapili, 20 Novemba 1966

Mpendwa Mjomba Salesio,

Pokea salamu zangu mimi Gacheri, binti ya dada yako, pamoja na za mume wangu Githinji na watoto. Habari ya Jinja? Habari ya kazi, na ya lile goti ambalo Mama Kathambi aliniandikia kwamba limegoma kupanda ngazi? Natumai limetulia, maana ninavyokujua, ukiumwa goti wewe, nyumba nzima inachechemea. Sisi hapa ni wazima kwa rehema za Mungu. Watoto walikohoa mvua ilipoanza lakini wamepona. Mimi nimenenepa kidogo. Usimwambie mama.

Mvua ya mwaka huu imekuja vizuri na vumbi la Isiolo limelala. Mambo ya mashifta, hao waasi wa msituni, bado hayajaisha. Jua likishuka kila mtu yuko kwake, na lori za kwenda Garba Tula na Merti husafiri kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Waborana wengi wamekusanywa katika vijiji vyenye ua wa miiba, na hawatoki bila ruhusa. Mifugo yao imeisha vibaya sana. Sisi wa mjini tunalalamika sukari imepanda, halafu tukikumbuka wao tunanyamaza.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya nishike kalamu leo baada ya kanisa, hata chai sijanywa. Kiogora wa miraa amerudi kutoka kwenu, akanipa habari zako. Anasema ulipomsikia akieleza kwamba Githinji alikamatwa, na kwamba kilichomponza ni lile sanduku ulilotutumia, ulishika kichwa kwa mikono miwili, ukaapa kwamba hutatuma Isiolo tena hata msumari. Mjomba, kwa heshima zote, hicho kiapo kimeze. Kiogora ni mtu mwema lakini hadithi yake huanza na kichwa na kusahau mkia. Alikueleza Githinji alivyokamatwa. Hakukueleza alivyotoka, na kama alikueleza, hukusikia kwa sababu ulikuwa umeziba masikio na hiyo mikono. Keti basi nikueleze mimi.

Kwanza nikushukuru, kwa sababu sijawahi kukushukuru sawasawa. Mume wangu alipotoka kizuizini miaka ile ya hali ya hatari, hakuna aliyetaka kumwandika kazi. Hata jamaa zake walimsalimia wakitazama kando. Wewe, Mmeru usiyemjua vizuri, ulimwita Jinja ukamkalisha kwenye benchi lako, ukampa bisibisi. Alikuja kwako akiwa mtu wa kushtuka mlango ukigongwa. Alirudi kwangu fundi wa redio. Kila unga ulioingia katika nyumba hii tangu hapo una mkono wako ndani yake, na mimi nimekuwa nikiula kimya kimya kama mtu asiye na adabu. Asante, Mjomba. Asante sana.

Unajua Isiolo ilivyokuwa tulipohamia. Redio ikinyamaza ilitupwa lagani, kule kwenye mto mkavu, pamoja na mizoga. Nairobi ni mbali, barabara ni hiyo, na fundi hakuna. Mtu alikuwa akiuza mbuzi wazuri anunue redio, inaimba mwaka mmoja, halafu inakuwa sanduku la kulalia kuku. Mawe ya redio, hizo betri, yakiisha nguvu yalitupwa njiani, watoto wanayapasua, wanajipaka lile jeusi usoni. Githinji alikuwa akitembea lagani na gunia kama mwokota kuni. Majirani walinionea huruma, wakidhani nimeolewa na kichaa.

Lakini kutoka kwenye gunia lile, redio mbili zilizokufa zilizaa moja nzima. Waya wa hii ukafunga ile. Spika iliyopasuka akaiziba kwa karatasi nyembamba na gundi ya mgunga, gundi ile ile watoto wanayotafuna wakichunga. Mawe yaliyochoka aliyaanika juu ya mabati, yakapata nguvu ya kusikiliza habari za jioni. Yakifa kabisa, lile jeusi mwalimu wa shule alilichukua akalichanganya na makaa, akapaka ubao. Hata mimi sukari yangu naiweka ndani ya kasha tupu la redio ya marehemu mwenye duka la nyama.

Kilichokuwa kigumu ni zile taa ndogo za gilasi za ndani ya redio. Hizo hazina dawa. Ikishakufa imekufa, na mpya haipatikani huku. Ndipo ukaanza kutuma masanduku yako: taa ulizozichomoa katika redio zilizoletwa kwenu kutupwa, kila moja umeipima, umeifunga katika gazeti kama yai. Mjomba, hukujua unachokituma. Ulidhani unatuma vikorokoro.

Na pamoja na ufundi, ulimpa ule mtindo wako. Ulimwambia, ukitoa kitu kilichokufa ndani ya redio ya mtu, usikitupe wala usikiweke mfukoni. Mpe mwenye redio maiti yake azike mwenyewe, ndipo ajue hukumwibia kizima. Mimi niliuona ni upuuzi. Nani anataka gilasi iliyokufa? Lakini huku, Mjomba, watu walizipenda! Akai, yule mama Mturkana anayetuuzia makaa, aliifunga yake kwenye shanga zake katikati ya kifua, na inampendeza. Mzee Ibrae, mchuuzi wa ng'ombe, aliitia yake kwenye kibweta cha tumbaku. Wengine walizitundika ukutani. Ukiingia nyumba yenye redio katika mji huu, tafuta vizuri, utaiona maiti yake.

Sasa sikiliza lililotokea. Mwezi wa tisa gari moja lililipuliwa na bomu la ardhini njia ya mashariki, watu wakafa, na askari wakawa wakali, nami siwalaumu. Walianza kupekua nyumba hadi nyumba. Kwetu waliona waya mrefu kutoka kwenye bati hadi juu ya mgunga, ule wa kunasa sauti ya Nairobi. Juu ya waya, jirani yangu Kinanu alikuwa ameanika blanketi jekundu, kama anavyoanika kila siku ingawa Githinji amemkataza mpaka amechoka. Askari akauliza hiyo ni ishara ya nini na inapelekwa kwa nani. Unamjua Kinanu, mdomo wake hauna mlango. Akamjibu, "Ni ishara kwamba mtoto amekojoa, afande. Inapelekwa kwa jua."

Wengine walicheka, lakini mkubwa wao hakucheka. Aliingia ndani akaona redio zimefunguliwa matumbo, waya kila mahali, na sanduku lako lenye mihuri ya Uganda. Akauliza maswali, Githinji akajibu vizuri kabisa. Kisha akauliza swali ambalo lilimshika: sanduku lilikuja limejaa, mbona sasa ni nusu? Hizo zingine ziko wapi? Githinji akasema, "Ziko kwa watu." Watu gani? Akaanza kutaja. Mborana, Msomali, Mturkana, Mborana tena. Kila jina lilikuwa linamzamisha. Walisema anatengeneza simu ya upepo, anawapelekea vipande watu wa msituni. Walimfunga mikono wakaondoka naye, na sanduku pia.

Mjomba, sikulia. Nilikuwa na hasira ya kumtafuna mtu. Lakini nilimwona uso alipopandishwa kwenye lori, na ulikuwa ule uso wa zamani, wa mwaka ule walipomchukua mara ya kwanza. Hakunitazama. Alikuwa ameshakwenda kabla lori halijaondoka. Nikajua wakimpeleka mbali safari hii, hata akirudi, hatarudi.

Nilikwenda bomani nikafukuzwa. Nikaenda tena. Afisa mmoja, mtu mzima mwenye sauti ya upole, akaniambia, "Mama, mimi sina ubaya na mume wako. Lakini nionyeshe vile vitu viko wapi. Bila hivyo kesho kutwa anapelekwa Nairobi na kesi kubwa." Nilitoka pale nikijiuliza. Vile vitu viko wapi? Viko ndani ya redio za nusu ya wilaya!

Ni Kinanu aliyenishtua. Alikuwa amekuja kuniomba msamaha kwa ajili ya blanketi, analia makamasi. Katikati ya kulia akasema, "Lakini si kila mtu ana maiti yake?" Tukatazamana. Kisha tukakimbia, yeye upande wa sokoni, mimi upande wa Bulapesa, nyumba kwa nyumba. Nilikuwa naomba watu jambo baya, Mjomba, na nilijua. Nani siku hizi, na hasa Mborana au Msomali, anajipeleka bomani mwenyewe kusema kwamba yeye ndiye aliyepokea kile kitu askari wanachokitafuta? Sikumlazimisha mtu. Nilisema shida yangu nikaondoka. Nyumba nyingine mlango ulifungwa, na sikuwawekea kinyongo.

Asubuhi nilikwenda bomani nikidhani nitamkuta Kinanu peke yake. Nilikuta watu wamekaa chini mbele ya lango, kila mmoja na redio yake mapajani kama mtoto aliyeletwa kliniki. Akai alikuwa wa kwanza, ameacha makaa yake. Mzee Ibrae alikuwepo na kibweta. Mwenye duka la Kisomali pale karibu na msikiti alikuja na redio mbili. Na Doyo, mwanamke Mborana wa kile kijiji cha ua wa miiba, alikuwa ameomba ruhusa kwa mlinzi tangu alfajiri, akatembea, redio mgongoni. Kabla ya vita nilimjua kidogo tu, alikuwa akituletea maziwa.

Afisa alitoka akasimama. "Hii ni nini mmeniletea?"

Akai alivuta shanga zake mbele. "Afande, mimi iko na yake hapa. Hii ilikufa. Fundi akatoa, akanipea. Ile ingine alitia iko ndani. Fungua uone."

"Wallahi hata yangu," alisema Ibrae. "Hii ni mzee, hiyo ya ndani ni kijana. Lakini ni ndugu, baba moja mama moja. Angalia."

Afisa alimwita askari wao wa simu ya upepo, kijana makini, akaleta meza. Wakafungua redio moja baada ya nyingine pale nje. Wakaweka iliyokufa karibu na ile hai, wakalinganisha. Kila mtu aliitwa, kila mtu alisema jina lake mwenyewe kwa sauti. Askari yule hakuharakisha, wala hakumdharau mtu, na alipomaliza alimwambia mkubwa wake kwamba hizi ni za kusikiliza tu, hakuna ya kusemea, na zilizopungua sandukuni ameshaelewa zilikokwenda. Afisa alikuwa mwungwana. Alimtoa Githinji mwenyewe kwa mkono, akamrudishia sanduku, akasema pole mbele ya watu wote. Waya alituomba tuushushe, na tumeushusha. Kinanu anaanika uani.

Kwa hiyo unaona, Mjomba. Ni kweli sanduku lako lilimtia ndani. Lakini kama ungekuwa fundi wa kuficha vilivyokufa, kama ungemfundisha ufundi bila ule mtindo wako, leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine. Usijilaumu. Nimepiga magoti kanisani kwa ajili yako leo asubuhi, na wewe huko Jinja unajinyima usingizi bure.

Hilo lilikuwa la furaha. Sasa nikwambie linaloniuma. Githinji alirudi nyumbani lakini hajarudi kazini. Alifunga vyombo vyake vyote katika gunia, akavisukuma chini ya kitanda. Sasa analima sukuma wiki nyuma ya nyumba, na mtu akipita anatazama mlango. Watu wakileta redio anawaambia, kwa adabu, siku hizi sifanyi. Anasema aliwatia watu hatarini, na kwamba kila aliyetaja jina lake bomani ameandikwa huko kwa sababu yake. Nimejaribu kumchokoza, nimejaribu kumbembeleza. Wewe huko umeapa, yeye hapa amefunga gunia. Wanaume wawili ninaowapenda mnazilaumu nafsi zenu, na redio za Isiolo zinarudi lagani moja moja. Jana niliona ya mwenye hoteli imetupwa tayari, mbuzi amesimama juu yake.

Nilitaka kukuomba umwandikie kwa mkono wako. Wewe anakusikiliza.

Nimeachia hapo kwanza, chungu kinaungua.

Jumanne, 22 Novemba

Mjomba, naendelea na kalamu nyingine, ile ya kwanza mtoto ameitafuna. Nina habari.

Leo mchana Doyo alikuja, amepewa ruhusa ya kuja sokoni. Alikuwa na redio yake. Mwanambuzi ameila spika, imebaki mashimo. Anasema katika kijiji chao ni hiyo tu iliyokuwa ikisema, na jioni watu hukaa kuizunguka kusikia kama kuna neno la amani, kama watarudishwa malishoni. Sasa wanaizunguka hivyo hivyo ingawa haisemi.

Githinji alikuwa anapalilia. Hakuacha jembe. "Mama Doyo, nisamehe. Siku hizi sifanyi kazi hiyo."

Doyo aliiweka redio juu ya meza ya mlangoni, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Nilimpa chai akanywa yote. Kisha akamwambia, pole pole, Kiswahili chake anakitafuta neno kwa neno: "Mimi nilitoka kwa ua wa miiba. Serikali iliniuliza, huyu ni nani? Nikasema huyu ni fundi. Sasa unasema wewe si fundi. Basi mimi nilidanganya serikali?"

Githinji aliacha kupalilia. Alisimama na jembe lake nikadhani amekasirika. Nilitaka kuingilia, nikajizuia, na wewe unajua inavyonigharimu kujizuia. Halafu alilaza jembe ukutani, akanawa mikono, akapita katikati yetu akaingia ndani. Nilimsikia anavuta gunia chini ya kitanda.

Mjomba, alianza kuziba mashimo ya spika. Karatasi ilichanika mara mbili. Doyo alimshikia kikombe cha gundi. Jioni hii redio imesema. Imesema kwa sauti ya mtu mwenye mafua, lakini imesema, na Doyo ameiweka mgongoni akaondoka mbio ili awahi lango. Mume wangu amesimama mlangoni anamtazama mpaka amepotea kwenye kona. Mara ile ya kwanza alipotoka kizuizini, hakuna mtu aliyemngoja nje. Ameniambia hivyo sasa hivi, miaka hii yote hajawahi kuniambia. Nami nimelia sasa, nilipokuwa sina sababu tena.

Nisalimie Mama Kathambi, mwambie kitambaa alichonitumia kimekuwa gauni la kanisani na Kinanu ananionea wivu. Msalimie Kathambi mwenyewe na mumewe, na M'Ikiara wa gereji kama bado yuko hai na bado anakopa tumbaku. Kinanu, Akai na Mzee Ibrae wanakusalimu ingawa hawakujui. Ibrae anasema akikuona atakuchinjia, nami nimemwambia una meno machache, achague mbuzi laini.

Mungu wa mama yangu, dada yako, akulinde, aliponye goti lako, akupe uzee wenye watu wengi mlangoni.

Ni mimi mtoto wako akupendaye na kukushukuru,
Gacheri wa Githinji

Mjomba, ni mimi Githinji. Nimemnyang'anya kalamu. Goti pole. Taa za aina ile fupi zimekwisha kabisa, na spika ikipatikana hata iliyochanika nitumie, nitaishona. Mpe Kiogora, atalileta sanduku wazi bila kulifunga, askari atakayetaka kuona aone.